Kisuluhishi Kinapotoa Majibu Yasiyoaminika: Mwongozo wa Kutafuta Chanzo

Mwongozo huu unawalenga watu wa Nairobi na viunga vyake, wawe wanafunzi wa hisabati pale Chiromo, wahandisi wanaosomea Juja, au waandishi wa programu wanaojitolea baada ya saa za kazi, ambao wameamua kuongeza kisuluhishi cha milinganyo tofautishi katika programu huria kama SymPy, SciPy, GNU Octave, Maxima au SageMath. Mlinganyo tofautishi hutaja kiasi fulani pamoja na kasi ya mabadiliko yake. Kisuluhishi ni sehemu ya programu inayoupokea mlinganyo huo na kurudisha kiasi chenyewe.

Hitilafu inayosimamisha programu na kuandika ujumbe kwenye skrini haina madhara makubwa, kwa sababu kila mtu ameiona. Hitilafu ya kuogopwa ni jibu lisilo sahihi linalochorwa kwenye grafu laini, likaingia katika tasnifu ya mtu au katika makadirio ya ugonjwa, na hakuna anayelitilia shaka. Wageni katika kazi hii wakikutana na jibu la namna hiyo hukimbilia kuishuku kanuni ya hisabati. Kanuni zenyewe ni kongwe na zimepimwa sana: Runge aliandika mwaka 1895, Kutta mwaka 1901, na jozi ya kanuni za Dormand na Prince ambayo RK45 ya SciPy na ode45 ya Octave huitegemea ilichapishwa mwaka 1980. Chanzo cha kosa kwa kawaida hukaa mahali sehemu mbili zinapokutana: pale mtumiaji anapokabidhi mlinganyo wake, pale kiwango cha kosa linalovumilika kinapowekwa, pale alama, yaani herufi kama k inayosimama mahali pa namba, inapodhaniwa kuwa chanya bila kutangazwa, au pale matriki inapotoka katika lugha moja ya programu na kuingia katika nyingine. Kwa hiyo kwa kila dalili iliyoelezwa hapa nitaanzia kwenye maungio hayo.

Kabla ya dalili yoyote: milinganyo miwili ambayo jibu lake linajulikana

Usianze kuchunguza kisuluhishi kwa mlinganyo ambao hata wewe hujui jibu lake. Andaa miwili mifupi na uiweke ndani ya faili la majaribio tangu siku ya kwanza.

Wa kwanza ni wa chai inayopoa. Kwa kuwa Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka hapa kwenye karibu nyuzi 94, si 100. Tuchukue chumba chenye nyuzi 22, na tuchague kwa ajili ya mfano kwamba kasi ya kupoa ni 0.05 kwa dakika mara tofauti kati ya joto la chai na la chumba, yaani T' = −0.05(T − 22), na T(0) = 94. Jibu lake kamili ni T = 22 + 72e^(−0.05t), na baada ya dakika 20 chai inapaswa kuwa na nyuzi 48.49.

Wa pili ni y' = t − y, na y(0) = 1. Jibu lake ni y = t − 1 + 2e^(−t), kwa hiyo y(1) ni 0.7358. Huu wa pili unaonekana kama nyongeza isiyo na haja, lakini kuna makosa ambayo mlinganyo wa chai hauwezi kamwe kuyafichua kwa sababu wakati, yaani t, haujitokezi ndani yake. Nitayaonyesha makosa hayo yatakapofika.

Dalili: jibu ni la ajabu tangu mwanzo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa

Umeendesha mlinganyo wa chai, na programu inakwambia kwamba baada ya dakika 20 chai ina nyuzi 106. Imezidi kupata moto bila kuwekwa jikoni. Namba hiyo ya 106 ni alama ya kosa moja mahususi, nayo ni kubadilishana nafasi kwa t na y. Kisuluhishi kimekabidhi wakati mahali fanksheni ya mtumiaji ilipotarajia joto, kwa hiyo kilichosuluhishwa ni T' = −0.05(t − 22), ambao kwa dakika 20 unaongeza nyuzi 12 kamili juu ya 94.

Kosa hili ni la kawaida kwa sababu programu zenyewe hazikubaliani. Katika SciPy, odeint ya zamani hutarajia fanksheni yenye y kwanza kisha t, ilhali solve_ivp, iliyokuja na toleo la 1.0 mwaka 2017, hutarajia t kwanza kisha y. Katika Octave hali ni hiyo hiyo: lsode hutanguliza hali ya mfumo, ode45 hutanguliza wakati. Anayeongeza kisuluhishi kipya huandika daraja kati ya mfumo wa zamani na mpya, na daraja hilo ndilo linalopindua vigezo. Mfumo wenye milinganyo mingi kwa kawaida utalalamika, kwa kuwa y ni orodha na t ni namba moja, lakini mfumo wa mlinganyo mmoja utapita kimya. Jaribio la y' = t − y linakamata kosa hili papo hapo: vigezo vikipinduliwa utapata y(1) = 2 badala ya 0.7358. Fuata mpangilio wa kisuluhishi jirani ndani ya programu hiyo hiyo, hata kama wewe binafsi unaupendelea ule mwingine, kwa sababu anayeumia kwa mpangilio wa tatu ni mtumiaji.

Dalili: jibu linakaribia ukweli, lakini haliufikii

Hapa pana mambo mengi, na inafaa kwenda polepole.

Swali la kwanza ni kama kosa linapungua kwa kasi inayotakiwa unapopunguza hatua, yaani kipande cha muda ambacho kisuluhishi husogea kwa mara moja. Chukua mbinu ya Euler kwenye chai, ambayo katika kila hatua husogea kwa mstari mnyoofu. Kwa hatua ya dakika moja utapata 47.81, kosa la karibu 0.68, kwa hatua ya nusu dakika utapata 48.15, kosa la karibu 0.33. Hatua imegawanywa kwa mbili na kosa likagawanyika kwa karibu mbili, jambo linalothibitisha kwamba mbinu ni ya daraja la kwanza kama ilivyotarajiwa. Mbinu ya kawaida ya Runge na Kutta ya daraja la nne inapaswa kugawanya kosa kwa karibu 16 kila unapoipunguza hatua kwa nusu. Kipimo hiki kina thamani kuliko kulitazama jibu lenyewe, kwa sababu mbinu iliyoandikwa vibaya mara nyingi bado inakaribia jibu sahihi, ila kwa mwendo wa polepole kuliko ilivyopaswa.

Sasa, tuseme umepima kwenye chai ukapata 16, ukafurahi, kisha mtumiaji akaleta mlinganyo wenye t ndani yake na kosa likawa linagawanyika kwa mbili tu. Chanzo ni kwamba ndani ya hatua, pale kanuni inapotaka t + h/2, umeandika t tupu. Kwa mlinganyo usiotaja wakati, makosa ya aina hii hayaonekani hata kidogo, yawe ni mengi kiasi gani, na mlinganyo wa chai ni wa namna hiyo. Rudia kipimo kwa y' = t − y kabla ya kutangaza kwamba kazi imekwisha. Ningependa kila mradi ulifanye jambo hili kuwa sharti, kwa kuwa mapitio ya macho peke yake hayawezi kutegemewa kuona kosa dogo kama hilo katika jedwali refu la namba.

Usiende mbali mno katika kupunguza hatua. Namba za kawaida za kompyuta zina usahihi wa takribani 2.2 × 10^−16 kwa uwiano, na kosa likishakaribia huko haligawanyiki tena, linaanza hata kuongezeka kwa sababu ya mrundikano wa ukadiriaji. Anayepima daraja la mbinu kwa hatua ndogo kupita kiasi atadhani mbinu yake ni mbovu ilhali ni nzima.

Ikiwa mgawanyiko wa kosa ni sawa lakini jibu bado halitoshi, tazama kiwango cha kosa linalovumilika. Katika solve_ivp, mtumiaji asiposema chochote, rtol ni 0.001 na atol ni 0.000001, ode45 ya Octave nayo hutumia viwango hivyo. Kiwango cha kwanza ni cha uwiano, cha pili ni cha kiasi halisi. Watu wengi hudhani kwamba rtol ya 0.001 inaahidi jibu la mwisho lenye kosa lisilozidi sehemu moja kwa elfu. Haiahidi hivyo. Inadhibiti kosa la kila hatua peke yake, na makosa hayo hujumlika, au hukuzwa, kadiri safari inavyoendelea. Njia ya kujiridhisha ni kuendesha upya kwa viwango vikali mara 100 zaidi na kulinganisha majibu mawili. Tarakimu zilizobaki vilevile ndizo za kutegemewa.

Kiwango cha atol kina mtego wake, na mtego huo unawahusu sana wanaounda mifano ya magonjwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi. Mtu akiandika mfano wa maambukizi kwa sehemu za idadi ya watu, ili jumla iwe 1, mgonjwa mmoja wa kwanza anakuwa takribani 0.00000023. Namba hiyo ni ndogo kuliko atol ya kawaida. Maana yake ni kwamba kisuluhishi kimeruhusiwa kukosea kwa kiasi kinachomzidi mgonjwa huyo, na hakitaona ubaya wowote kikimfanya awe nusu, mara tatu, au hata chini ya sifuri. Kwa kuwa mlipuko mzima unatokana na mgonjwa huyo wa kwanza, kilele cha ugonjwa kinaweza kusogea kwenye kalenda bila mtu kujua sababu. Ama hesabu kwa idadi ya watu badala ya sehemu, ama weka atol yake kwa kila kiasi. Wewe unayeongeza kisuluhishi hakikisha kwamba atol inakubali orodha, si namba moja tu, na uandike jambo hili katika maelezo ya matumizi kwa mfano kamili.

Mara nyingi mtu hujitetea kwa kusema kwamba jumla ya wenye afya, wagonjwa na waliopona imebaki 1, kwa hiyo hesabu ni sahihi. Utetezi huo haushiki. Mbinu zote za Runge na Kutta hutunza jumla za namna hiyo zenyewe, hata kwa hatua kubwa mno na jibu baya mno. Jumla ikivurugika kwa kiasi kinachoonekana, mlinganyo umeandikwa vibaya. Jumla ikitunzwa, hujajifunza lolote kuhusu usahihi wa kisuluhishi.

Dalili: programu inakwenda polepole mno au inaonekana kukwama

Vyanzo vitatu vinafanana kwa nje, na tiba zake hazifanani kabisa, kwa hiyo usibadilishe chochote kabla ya kuvitenganisha. Chapisha orodha ya nyakati ambazo kisuluhishi kilisimama, kisha uitazame.

Ikiwa hatua ni ndogo kila mahali, hata pale ambapo jibu limetulia na grafu ni kama mstari mnyoofu, mlinganyo umekakamaa. Mlinganyo uliokakamaa una mienendo miwili yenye kasi zinazotofautiana sana: mmoja hufifia upesi, mwingine hudumu, na mbinu za moja kwa moja kama RK45, zinazokokotoa thamani mpya kutoka zile za zamani tu, hulazimika kufuata kasi ya ule uliokwisha fifia. Curtiss na Hirschfelder waliliandikia tatizo hili mwaka 1952. Mfano mwepesi ni y' = −1000(y − cos t). Jibu lake, baada ya muda mfupi sana, linafuata mawimbi ya kosini kwa utulivu, lakini Euler wa moja kwa moja analipuka kwa hatua yoyote inayozidi 0.002, kwa hiyo kutoka 0 hadi 10 anahitaji zaidi ya hatua 5,000. RK45 inavumilia hatua kubwa kidogo tu kuliko hiyo.

Kuna kipimo ninachokipenda kwa jambo hili kwa sababu hakihitaji nadharia: legeza rtol mara 100 na uhesabu hatua tena. Kama hatua zinazuiwa na hitaji la usahihi, zitapungua sana. Kama idadi yake karibu haibadiliki, basi kinachozizuia ni uthabiti wa mbinu, na mlinganyo umekakamaa. Tiba ni mbinu fiche, ambazo hupata thamani mpya kwa kusuluhisha mlinganyo wa aljebra katika kila hatua: Radau au BDF katika SciPy, ode15s katika Octave ambayo hutumia maktaba ya SUNDIALS, au LSODA, inayochagua yenyewe kati ya makundi mawili. Kama unaandika mbinu yako ya hatua nyingi, yaani inayotumia majibu ya hatua kadhaa zilizopita kama BDF, kumbuka kwamba Dahlquist alithibitisha mwaka 1963 kwamba mbinu za namna hiyo haziwezi kuwa na uthabiti kamili, yaani kutolipuka kwa hatua ya ukubwa wowote pale jibu lenyewe linapofifia, na wakati huo huo kuvuka daraja la pili. Ukiona mbinu yako ya BDF ya daraja la tano inayumba kwenye milinganyo yenye mitetemo, usitafute kosa la kuandika. Mpaka huo ni wa hisabati yenyewe.

Kwa majaribio, chukua mfumo wa Robertson wa mwaka 1966, wa mmenyuko wa kemikali wenye viwango vya 0.04, 10^4 na 3 × 10^7. Kiasi chake cha pili hakifiki hata 0.0001 kwa muda wote, kwa hiyo tatizo la atol lililoelezwa juu linarudi hapa pamoja na ukakamavu, na kisuluhishi kinachopita mtihani huu kwa viwango vilivyowekwa vizuri kinastahili kuaminiwa kwa mengi.

Ikiwa hatua ni ndogo karibu na wakati mmoja tu na kisha programu inasimama kwa ujumbe kwamba hatua inayohitajika ni ndogo kuliko nafasi kati ya namba, jiulize kama jibu lenyewe lipo. Mlinganyo y' = y², na y(0) = 1, una jibu 1/(1 − t), ambalo halina kikomo t inapofika 1. Kisuluhishi kinachosimama karibu na 1 kimefanya kazi yake kwa uaminifu. Nimeona watu wakiondoa ulinzi huo ili programu iendelee, na matokeo yake ni mchoro unaovuka mahali ambapo hakuna jibu. Ulinzi huo usiguswe.

Ikiwa hatua zinabanwa mahali fulani kisha zinapanuka tena, mlinganyo una mkatiko. Fikiria tangi la mtaa linalopokea maji kwa saa chache za mgao na kukaa bila maji mapya kwa saa nyingine zote. Kasi ya kuingia kwa maji inaruka kutoka sifuri hadi kiwango kamili bila mpito. Kisuluhishi kitagonga hapo, kitakataa hatua kadhaa, kisha kitapita. Huo ni upotevu wa muda tu. Kinyume chake ndicho cha hatari: mgao ukiwa mfupi na tangi likiwa limetulia kwa muda mrefu kabla yake, hatua zitakuwa zimekua kiasi kwamba kisuluhishi kinaruka saa zote za mgao bila kuziona, na tangi kwenye mchoro linabaki tupu. Kukaza rtol hakusaidii kwa uhakika, kwa sababu kisuluhishi hakikosei katika nyakati kilizozitazama. Kata muda katika vipande kwenye kila saa ya kufunguliwa na kufungwa, uanze upya kila kipande, au uweke max_step, yaani ukubwa wa juu wa hatua, isiyozidi urefu wa mgao. Onyo hilo hilo linahusu utambuzi wa matukio, yaani kukiomba kisuluhishi kiripoti kiasi fulani kinapofika sifuri, kwa kuwa kisuluhishi hutafuta badiliko la alama ya chanya na hasi kati ya mwanzo na mwisho wa hatua. Kiasi kikivuka sifuri mara mbili ndani ya hatua moja, hakuna tukio litakaloripotiwa.

Dalili: mbinu fiche inatoa jibu sahihi, lakini kwa taabu

Hatua nyingi zinakataliwa, mizunguko ya Newton, yaani makadirio ya kurudiarudia yanayosuluhisha mlinganyo wa aljebra wa kila hatua, inafikia kikomo, na bado jibu la mwisho ni sahihi. Shuku matriki ya Jacobi, yaani jedwali linaloonyesha kila fanksheni inabadilika kwa kasi gani kila kiasi kinapobadilika. Newton akipewa matriki yenye kosa bado hufika kwenye jibu lile lile iwapo atafika, ndiyo maana kosa hili huishi muda mrefu bila kugunduliwa. Linganisha kila kipengele cha matriki yako na makadirio yanayopatikana kwa kusogeza kiasi kimoja kidogo na kuona badiliko la fanksheni. Kama vipengele vya ulalo ni sahihi na vilivyobaki vimebadilishana nafasi, matriki imegeuzwa: safu mlalo inapaswa kuwa ya fanksheni, safu wima ya kiasi kinachobadilishwa. Kosa hili hutokea sana mpakani, kwani NumPy kwa kawaida huhifadhi matriki kwa safu mlalo, ilhali Octave, Fortran na matriki kamili za SUNDIALS huhifadhi kwa safu wima.

Dalili: kisuluhishi cha alama kinatoa jibu lisilofanana na la kitabuni

Sasa tunaondoka kwenye namba na kuingia kwenye programu zinazotoa jibu kwa fomula: dsolve ya SymPy, ode2 ya Maxima, na desolve ya SageMath ambayo humkabidhi Maxima kazi hiyo.

Majibu mawili yanaweza kutofautiana kwa sura na bado yakawa jibu moja, kwa sababu konstanti C1 humeza vizidisho na ishara. Kwa hiyo usiandike jaribio linalolinganisha sura peke yake. SymPy ina checkodesol, ambayo hurudisha jibu ndani ya mlinganyo na kuona kama masalia ni sifuri. Ikisema kweli, jibu linatosheleza mlinganyo. Ikisema si kweli, huenda imeshindwa tu kurahisisha masalia; weka namba kadhaa mahali pa alama na uone kama masalia ni sifuri kwa kadiri ya usahihi wa kompyuta. Lakini hata ikisema kweli, hujui bado kama jibu ni kamili. y = 0 inatosheleza y'' + y = 0, na hakuna mwalimu atakayeipokea kuwa jibu la jumla. Hesabu konstanti: ziwe sawa na daraja la mlinganyo, na zisiwe zinazoweza kuunganishwa kuwa moja.

Kuna pia majibu yanayopotea njiani. Anayetenganisha y' = y(1 − y) hugawanya kwa y(1 − y), na kwa tendo hilo hutupa y = 0 na y = 1, ambayo yote mawili ni majibu halali. Kisuluhishi chako kikifanya mgawanyo, kikumbuke kilichogawanywa.

Chanzo kinachowatesa wengi zaidi ni dhana kuhusu alama. Katika SymPy, k iliyoundwa bila maelezo na k iliyotangazwa kuwa chanya ni alama mbili tofauti, ingawa zinachapishwa kwa herufi ile ile. Ukiisuluhisha kwa moja na kubadilisha thamani kwa nyingine, hakuna kitakachobadilika na hakuna atakayekwambia. Aidha, y'' + ky = 0 bila maelezo hutoka kwa vipeo vyenye kipeuo cha pili cha −k, na k ikiwa chanya hutoka kwa sini na kosini. Yote mawili ni sahihi. Maxima, kwa upande wake, husimama na kuuliza kama k ni chanya, hasi au sifuri, na swali hilo likitokea ndani ya SageMath hugeuka kuwa kosa linalosimamisha hesabu, hadi utumie assume kutangaza kwamba k inazidi sifuri. Katika Maxima usisahau pia alama ya mtajo mbele ya diff, yaani 'diff(y,x). Bila hiyo derivativu hukokotolewa mara moja kuwa sifuri, na ode2 husema kwamba ulichoipa si mlinganyo tofautishi.

Usichanganye desimali na alama. Andika Rational(1, 20), si 0.05, kwa kuwa namba ya desimali huvunja vipimo vya usawa kamili ambavyo visuluhishi vya alama huvitegemea. Na dsolve ikinyamaza kwa muda mrefu, mara nyingi imepata njia na kukwama kwenye integrali ya mwisho; ipe kidokezo, yaani jina la njia ya kutumia, kinachoishia na _Integral, kama separable_Integral, nayo itakurudishia integrali ilivyo badala ya kuhangaika nayo.

Dalili: umeongeza kisuluhishi chako, na majaribio ya wengine yameanguka

Katika SymPy, kisuluhishi cha mlinganyo mmoja hurithi kutoka SingleODESolver na huandika sehemu mbili: _matches, inayoamua kama mlinganyo ni wa aina yake, na _get_general_solution, inayotoa jibu. dsolve hutumia njia ya kwanza inayokubalika kwa mpangilio wa orodha ya vidokezo. Kama _matches yako ni karimu mno, au jina lako limewekwa juu mno katika orodha, milinganyo iliyokuwa ikisuluhishwa kwa njia fupi sasa inapita kwako na kutoka na sura nyingine. Endesha classify_ode kwa kila mlinganyo ulioanguka, kabla na baada ya badiliko lako. Mara nyingi inatosha kukisogeza kidokezo chini. Kubadilisha majibu yanayotarajiwa katika majaribio ya wengine ili yapite ni jambo la mwisho kabisa kufikiriwa.

Dalili: kila kitu kinapita kwenye kompyuta yako na kuanguka kwenye seva ya mradi

Mwenye kompyuta ya mtumba kutoka Luthuli Avenue yenye kumbukumbu ya GB 4 aanze na SymPy, ambayo imeandikwa kwa Python tupu na kimsingi inahitaji mpmath tu. Kujenga SciPy kunahitaji kompaila na kumbukumbu ya kutosha, na ujenzi unaokufa katikati bila maelezo kwa kawaida umeishiwa kumbukumbu. Punguza idadi ya kazi zinazokwenda kwa pamoja. Kuokoa bando, pakua historia fupi kwa git clone --depth 1.

Ikiwa ujenzi ni salama na bado majaribio yanaanguka mahali pengine, angalia kama umelinganisha namba za desimali kwa usawa kamili. Vichakato na maktaba tofauti za aljebra hukadiria tarakimu za mwisho kwa namna tofauti. Linganisha kwa kiwango kinachovumilika, na kiwango hicho kitokane na rtol uliyoiweka katika jaribio, si namba iliyoongezwa taratibu mpaka seva ikanyamaza.

Mwisho, kuna mchango ambao kila jaribio linapita na bado unakataliwa. SymPy na SciPy zina leseni ya BSD, ilhali Maxima na Octave zina GPL, ambayo hudai kwamba kazi itokanayo na msimbo wake nayo itolewe chini ya GPL. Msimbo ulionakiliwa kutoka Octave hauwezi kuingia SciPy, hata ukiwa bora. Soma makala asilia ya mbinu, andika msimbo wako mwenyewe kutoka humo, na utaje ndani ya ombi lako la kuingiza mchango ni makala gani uliyoifuata na jedwali la namba ulilichukua kwenye ukurasa upi, ili mpitiaji aweze kulihakiki.